Kosa la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Sisi wa chumba cha orodha tulimwita Mama Kadi, na hakukasirika. Kwa miaka ishirini na sita aliandika undugu wa vitabu kwenye kadi: hiki ni toleo la pili la kile, hiki ni tafsiri yake, hiki kimetokana nacho. Kitabu kilichofichwa asili yake alikiita mtoto wa kuibwa.

Marehemu mumewe aliandika kitabu kimoja tu, cha ufugaji wa nyuki. Mama Kadi hakukigusa. Ila mara nyingine, mchana kweupe, aliacha kalamu akageukia rafu kilipokaa kitabu hicho, akasema mzee anakohoa. Mimi sikusikia kitu.

Siku moja kikaletwa kitabu kipya cha nyuki, cha mwandishi mwingine, sentensi zimegeuzwageuzwa. Alikisoma kutwa nzima, kisha akaandika kwenye kadi yake kwamba kimetokana na kile cha mumewe. Mkuu wa maktaba akaikataa. Bila ushahidi jina la marehemu haliingii, alisema, na mambo ya nyumbani yabaki nyumbani.

Mama Kadi hakubishana. Aliviweka vitabu vyote viwili mezani, cha zamani ukurasa wa arobaini na moja, kipya ukurasa wa sitini. Vyote vilisema vipande vya mbao vya juu ya mzinga viwe na upana wa sentimita mbili nukta tatu. Kipimo sahihi ni tatu nukta mbili. Wafugaji waliokifuata kitabu cha mzee walihamwa na nyuki, wakamwandikia barua za matusi, naye akafa akijilaumu.

"Huyu naye akosee palepale, vilevile?" aliuliza Mama Kadi.

Mkuu akakubali, akaweka sahihi. Halafu, kwa upole kabisa, akasema ni jambo la kusikitisha mzee kukosea kitu kidogo namna ile.

Mama Kadi angeweza kunyamaza. Kadi ilishapita.

"Hakukosea," akasema. "Aliandika tatu nukta mbili. Aliyemchapia kwa taipu ni mimi. Barua ya kwanza ilipofika nikaenda kuangalia rasimu yake ya mkono, nikaona, nikaichoma."

Nikamwuliza, sijui kwa nini, kama mzee aliwahi kujua.

"Siku mbili kabla hajafa aliniomba msamaha kwa aibu aliyotuletea," akasema. "Nikamwambia nimemsamehe."