Mdomo wa Mwigizaji

Nilipelekwa kwake kwa sababu ya magoti yake. Kampuni yetu huwahudumia wazee majumbani mwao, na mimi nilikuwa mhudumu aliyekaa karibu zaidi, hapa hapa Minto, pembezoni mwa Sydney. Nilichoambiwa ni kwamba kuna mama wa Kihindi, mjane, anaishi na mwanawe, anahitaji msaada wa kuoga na kupika. Mengine nilielezwa na huyo mwanawe mlangoni. Mama yake aliwahi kuwa mwigizaji wa filamu Bombay, kisha akaolewa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, akaacha filamu, akalea watoto Upanga kwa miaka mingi kabla ya familia kuhamia Australia. Kiswahili anakijua, alisema, ila ni cha sokoni na jikoni.

Alipotaja filamu moja ya mama yake, ilibidi nimwombe ataje tena. Mimi ni mtu wa Tanga. Siku ya sinema ya wanawake peke yao, mama na shangazi zangu walijifunga khanga mpya, wakafunga karanga na visheti kwenye leso, nami nikakaa mapajani mwa yeyote aliyekuwa na nafasi. Filamu ile ilikuwa ya zamani hata wakati huo. Ilirudishwa mara kwa mara na ukumbi ukajaa kila mara. Kihindi hatukujua, lakini nyimbo tulizishika zote kwa masikio na kuziimba tukifua nguo.

"Mama," nilimwambia siku ile ya kwanza nikimkanda magoti, "mimi nimekua na sauti yako."

"Sauti gani?"

"Ya nyimbo zako."

Akavuta goti lake. "Dada, mimi kwenye filamu sijaimba hata neno moja. Aliimba mwanamke mwingine, mnene, mkali, anatafuna tambuu studio. Mimi nilifungua mdomo tu."

Akaona uso wangu, akaanza kucheka.

"Usione haya. Hata mume wangu hakujua! Mwezi wa harusi akaita shangazi zake wote, soda zimepangwa, sahani za chevda zimepangwa, bibi harusi aimbe. Nikawaambia ukweli. Mama mkwe akasema, 'Kumbe tumeoa mdomo mtupu!'"

"Wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, huo mdomo ndio umejaza sinema zenu. Hakunisemesha mpaka Diwali."

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wake bila yeyote kati yetu kulitamka hilo. Shule niliiacha mapema, na kila ninachokijua nimekitafuta mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa kuuliza. Nilimuuliza kazi yake ilivyofanywa, hatua kwa hatua, naye akanijibu kama mtu aliyesubiri swali hilo muda mrefu. Baba yake alipiga kinanda cha mkono katika bendi ya harusi. Yeye alianza akiwa msichana mdogo, nyuma kabisa katika mstari wa wachezaji, mahali ambapo kamera huona kiwiko tu. Akapanda hadi kuwa rafiki wa mhusika mkuu, halafu mhusika mkuu mwenyewe. Filamu zake kubwa hazikuwa nyingi, na hakuwahi kunizidishia hata moja kwa kujisifu.

Wimbo, alinieleza, hurekodiwa kwanza. Siku ya kupiga picha unapigwa kwa vipaza sauti, mstari mmoja mmoja, na mwigizaji hulinganisha mdomo. Ni lazima ajue mwimbaji anavuta pumzi wapi, naye avute hapo hapo. Midomo peke yake haitoshi. Usipotoa sauti ya kweli, shingo inalala na mtazamaji anajua.

"Kwa hiyo uliimba, Mama!"

"Niliimba sana. Vibaya sana. Fundi wa taa aliomba pamba ya masikio."

Mwaka uliofuata akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa na akili zake zote, lakini upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa umeshuka na maneno yalitoka mazito. Haukupita muda, chama cha Wahindi wa hapa Sydney kikampigia simu mwanawe. Walitaka kuionyesha filamu ile ile katika ukumbi mmoja katikati ya jiji na kumtunukia heshima mbele ya watu. Mwanawe alifurahi. Mama akakataa.

"Watu watakuja kuangalia uso," alisema. Aliyasema polepole, kwa sababu kila neno lilimgharimu. "Uso haupo."

Sikumbembeleza. Nilijua si maringo. Seremala akipoteza mkono hatumwiti mwenye maringo akikataa kusimama karibu na meza aliyoitengeneza. Lakini niliona pia alivyoiweka picha ya ujana wake kifudifudi juu ya kabati, na hilo liliniuma kuliko maneno yake.

Mtaalamu wa matamshi alikuwa amemwachia mazoezi ya kufanya mbele ya kioo: kujaza hewa mashavuni, kubinua midomo, kuivuta pembeni. Aliyachukia.

"Nyani," alisema. "Ananifundisha kuwa nyani."

"Basi kuwa nyani kidogo tu, Mama, halafu tunywe chai."

Asubuhi moja nilipoweka kioo mezani, alinyoosha mkono wa kulia akataka simu yangu. Akanitajia wimbo. Nikautafuta, nikaupiga. Alisikiliza mstari wa kwanza, akaniashiria niurudishe. Mara ya pili akaufuata kwa mdomo. Upande wa kulia ulifika, wa kushoto ukachelewa. Hakukasirika. Aliuangalia mdomo wake kiooni kama fundi anavyoangalia mlango usiofunga vizuri, akasema, "Tena."

Nilimweleza mtaalamu. Alikuja, akaketi, akatazama mpaka mwisho wa wimbo, kisha akasema haya ni mazoezi yale yale aliyoyatoa, isipokuwa haya mgonjwa anayapenda, na tuendelee. Tukaendelea kila nilipokuwa zamu. Kazi yangu ilikuwa kutazama na kusema kweli: mstari huu umekaa, huu bado, hapa shingo imelala. Nikisifu ovyo alinijua papo hapo.

"Usinipake mafuta, Dada. Mafuta pakaa chapati."

Maneno yakarudi karibu yote. Mdomo ulipanda, lakini haukurudi sawa, na mtaalamu alisema wazi kwamba pengine hautarudi. Mwishowe mama alikubali kwenda ukumbini kwa sharti moja: akae kitini kiubavu, watu waone upande wa kulia tu, wimbo upite kwenye skrini, apunge mkono, arudi nyumbani. Mwanawe akawaeleza waandaaji.

Tulishuka mjini kwa gari la mwanawe, mimi nyuma nimeshika sari yake isikunjike. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikaa pembeni ya jukwaa, karibu naye, na kiti chake kilikuwa kimewekwa kama alivyotaka. Wimbo ukaanza, na juu ya skrini akatokea yule msichana niliyemjua tangu Tanga. Chini yake, mama mzee alikuwa ameshaanza kumfuata kwa mdomo. Sidhani alikusudia. Pumzi ilikuja na mwili ukatii.

Watu walioona wakaanza kupiga makofi, makofi ya upole, yale anayopigiwa mtoto aliyejaribu. Aliyasikia. Akainua mkono, si kupunga, bali kama askari wa barabarani.

"Simamisha," alisema. Mwanawe akasimama kutoka safu ya mbele, akasema, "Mama, imetosha, ni nzuri."

"Si nzuri. Rudisha mwanzo." Kisha akanigeukia. "Dada, geuza kiti."

Nikakigeuza. Uso wake wote ukaelekea ukumbini, kulia na kushoto, chini ya taa. Wimbo ukarudi mwanzo. Safari hii aliufanya kuanzia pumzi ya kwanza hadi ya mwisho, shingo ikiwa hai, macho yakimtafuta mtu asiyekuwepo. Hakuna aliyepiga makofi katikati. Akina mama wa safu za nyuma walikuwa wameanza kuimba naye, nami nilikuwa nikiimba pia, maneno yale yale ya kufulia nguo. Wimbo ulipokwisha ukumbi mzima ulisimama.

Aliinamisha kichwa mara moja, kisha akanivuta mkono nisogee.

"Mstari wa tatu?"

"Umekaa, Mama."

"Wa nne?"

Makofi yalikuwa bado yanaendelea, na mwanawe alikuwa analia bila kujificha. Nilimwambia kweli. "Wa nne umechelewa kidogo."

"Najua," alisema, akinyoosha mgongo kitini ili wapiga picha waje. "Wa nne hata Bombay tuliurudia mpaka jua likazama."