Kizimba Kisichosikia

Tulipokuwa wachapaji wa mahakama, mimi na yeye tulikaa meza moja, mashine zetu zikitazamana. Kazi yetu ilikuwa kuandika kila neno linalosemwa mbele ya jaji. Neno likitupita, wengi wetu tulibahatisha, mambo yakaenda. Yeye hakubahatisha hata siku moja. Aliandika "haikusikika", basi. Kuna siku alipeleka ukurasa mmoja wenye "haikusikika" kumi na tisa, karani mkuu akaja kuubwaga mbele yake.

"Wewe mama, umeajiriwa kusikia au kutosikia?"

"Nimeajiriwa kuandika kilichosemwa," akamjibu bila kuinua kichwa. "Kama chumba hakisikiki, kakigombeze chumba."

Toka siku hiyo tukambandika jina: Bibi Haikusikika. Alilipokea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Alipotimiza miaka thelathini na minane aliacha kazi, akaenda kukaa darasani na vijana waliomwita shangazi, akasomea mitambo ya sauti na picha. Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Wateja wakimuuliza mkewe kapatwa na nini, alisema, "Wazimu alikuwa nao siku zote. Sasa anautafutia cheti."

Cheti akakipata, na kazi zikaja. Wenzake walianza kuchora kwenye kompyuta. Yeye alianza na viti. Aliingia kwenye ukumbi wa mahakama ukiwa mtupu, akakaa kila kiti, kuanzia cha jaji mpaka benchi la nyuma kabisa, na kila alipokaa alipiga kofi moja, akasikiliza mwangwi unavyozunguka na kufifia. Baada ya hapo ndipo alipoamua kipaza sauti kikae wapi, spika zielekee wapi, na skrini za kuonyeshea vielelezo ziwekwe vipi ili kila anayehusika azione.

Kisha likaja jengo jipya, mahakama ninayofanyia kazi mpaka leo, mimi nikiwa karani. Dari liko juu mno, sakafu inang'aa hadi unajiona meno, na kizimba cha mshtakiwa kimezungushiwa kioo kizito toka chini mpaka juu. Yeye alipokaa ndani ya kile kizimba na kufunga mlango, alisema ni kama kutumbukizwa kwenye mtungi. Akachora kipaza sauti kimoja humo ndani, spika mbili ndogo na skrini ya ukubwa wa kitabu. Msanifu wa jengo akavifuta vyote. Alisema nyaya zitaharibu sura ya kioo.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na ndiye aliyempeleka kwenye kazi ile. Jumatatu moja asubuhi akaja nyumbani kwao na fomu ya makabidhiano. Mimi nilikuwepo, nimepeleka gauni kupunguzwa.

"Shemeji, tia sahihi hapa. Ijumaa wanafungua."

"Na kizimba?"

"Kimebaki kama kilivyo. Wanasema mshtakiwa ana wakili, wakili atamsikilizia."

"Na wakili ndiye atakayefungwa?"

Cherehani ikanyamaza. Shemeji akamgeukia kaka yake apate msaada, lakini kaka yake alikuwa akitafuta sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye shati lake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyekuleta pale," shemeji akasema. "Unaniweka wapi?"

"Ulinileta nifanye kazi, shemeji. Ndiyo hii ninayoifanya."

Akachukua kalamu, na pale pa sahihi akaandika: Kizimba hakisikii wala hakisikiki. Sitii sahihi. Shemeji aliondoka akaacha chai yake nzima mezani. Siku mbili baadaye fundi mwingine akasaini fomu mpya, na Bibi Haikusikika akaambiwa asikanyage tena kwenye mradi. Mama mkwe naye akapiga simu, akamwambia amemdhalilisha mwanawe mbele ya wakubwa.

"Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu," akamjibu. "Ila kwa hili siombi radhi."

Nilidhani yameishia hapo. Wiki ya kwanza ya kesi, naingia ukumbini na mafaili yangu, namkuta benchi la nyuma, daftari la shule mapajani. Askari wa mlangoni akamuuliza ana kesi gani.

"Sina kesi. Mahakama ni ya wazi, nimekuja kukaa."

Akakaa wiki tatu. Kila mshtakiwa alipotega sikio au kumtazama askari aliye naye kizimbani ili aambiwe kinachoendelea, aliandika. Shemeji alikuja kumbembeleza aache. Akamsogezea daftari asome. Shemeji hakusoma.

Katika wiki ya tatu ililetwa kesi ya mlinzi wa duka, mzee mwenye mvi, aliyeshtakiwa kuiba mali aliyokuwa akiilinda. Mwendesha mashtaka aliwasha skrini ikaonyesha mtu akibeba boksi. Ile skrini ilimwelekea jaji na mawakili. Kwa aliye kizimbani ulionekana mgongo wake tu.

"Huyu ni wewe?" akauliza mwendesha mashtaka.

Mzee nyuma ya kioo akatikisa kichwa kukubali. Jaji akainama kuandika. Nami nikaandika: amekubali.

"Mheshimiwa, huyo mtu haoni hiyo picha!"

Ukumbi mzima ukageuka. Bibi Haikusikika alikuwa amesimama.

"Kaa chini, mama, la sivyo utatolewa," jaji akasema.

"Nitatoka, Mheshimiwa. Ila muulize kwanza, ameulizwa nini?"

Jaji akaashiria, askari wakamshika viwiko. Hakuvutana nao. Alitembea wima mpaka mlangoni, wakamweka ofisi ya masjala akalindwa kama jambazi.

Mlango ulipofungwa, jaji akaweka kalamu chini. Kisha akamuuliza mzee, "Umeulizwa nini sasa hivi?"

Tuliona midomo ikicheza, sauti haikutoka. Jaji akaamuru mlango wa kioo ufunguliwe, na swali likarudiwa.

"Nimeulizwa kama jina langu ndilo hili lililosomwa," mzee akasema. "Nikakubali, maana ndilo langu."

Jaji akaahirisha kesi, akashuka kitini, akaingia kizimbani mwenyewe na joho lake, akafunga mlango. Akanionyesha kwa mkono nisome mashtaka. Nikasoma yote. Alipotoka hakutuambia alichosikia. Alisema tu kwamba kesi haitasikilizwa katika ukumbi ule mpaka kizimba kitengenezwe.

Mchana jaji akaagiza Bibi Haikusikika aletwe ofisini kwake, nami nikiwa naandika.

"Umevuruga mahakama yangu. Nataka uombe radhi."

"Kwa kupaza sauti, naomba radhi, Mheshimiwa. Kwa nilichokisema, hapana."

Nilikwishaanza kuwaza nani atampelekea mumewe habari kwamba mkewe amelala ndani. Jaji akamkazia macho, kisha akasema, "Nenda nyumbani." Hakumshukuru, na yeye hakungoja kushukuriwa.

Mkandarasi wa jengo alituma mtu kwa Bibi Haikusikika, achukue ule mchoro wa kizimba uliofutwa. Akagoma. Akasema mchoro hautoki bila yeye, na sahihi ya mwisho itakuwa yake. Wakasumbuana siku nne, mwisho wakamwita, na aliyetumwa kumwita ni shemeji. Walifanya kazi siku tisa, shemeji akisema naye mambo ya nyaya tu. Siku ya majaribio yeye alijifungia kizimbani, shemeji akakaa kiti cha jaji.

"Shemeji," akanong'ona kwenye kipaza sauti, "unanisikia?"

"Nakusikia. Ongeza sauti, unaona aibu?"

Hapo ndipo aliposaini. Shemeji bado haendi kwao kama zamani, na mama mkwe bado ana lake moyoni.

Msanifu wa jengo aliandika barua ya kulalamika kwamba kioo chake kimeharibiwa. Akamjibu kwa mstari mmoja: aje ajifungie humo ndani asubuhi moja, kisha ndipo wazungumzie uzuri. Hadi leo hajaja, na Bibi Haikusikika keshahamia jengo lingine, anabishana na watu wengine.