Shasi ya Jipu la Babu

Harufu ya chuma kinachochomelewa haifanani na harufu nyingine. Ni kali, inakwangua koo, lakini ndani yake kuna utamu kidogo, kama ule wa sarafu uliyoiweka mdomoni ulipokuwa mdogo ukagombezwa. Juzi nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu kwenye kitongoji cha Gahanna, dirisha wazi, nikienda kazini, ikanijia kutoka gereji moja kando ya barabara. Taa ikageuka kijani. Aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi mara mbili kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mwanamke mzima, mkazi wa Columbus, wala si mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyechuchumaa kwenye banda la gari nyuma ya nyumba ya kupanga, mtaa wa East Side, mji wa Buffalo.

Basi niwasimulie habari za jipu, lile gari la Babu. Na niwasimulie uongo nilioutunga juu yake, ambao kwa miaka mingi sikumwambia mtu nje ya familia.

Jipu lilianzia Louisville, jimbo la Kentucky. Babu, baba yake Mama, alipofika huko kutoka kambi ya wakimbizi alipata kazi kwenye shamba la farasi nje ya mji. Yeye alikuwa mtu wa ng'ombe maisha yake yote. Farasi aliwaona ni ng'ombe wenye majivuno. Mwenye shamba alikuwa na jipu la kazi aliloachiwa na baba yake, la kijani kilichopauka, pua fupi, nyuma wazi, la kubebea nyasi kavu na nguzo za uzio. Siku mzee yule alipouza farasi wake akaenda kuishi na binti yake, ufunguo alimwachia Babu. Tulipokwenda kumtembelea wakati wa likizo, Babu alitupandisha nyuma, akatuzungusha shambani polepole hata vipepeo wakatupita. Nyasi zilituwasha miguu. Mama alikaa mbele pembeni yake, kitambaa kichwani, anacheka kicheko ambacho Buffalo sikuwahi kukisikia.

Babu alipofariki, jipu alilirithi Mjomba, kaka yake Mama, huko Reynoldsburg, Ohio. Mjomba ni mtu mwema lakini gari kwake ni kama kiatu: unakivaa mpaka kiishe. Aliliendesha majira ya baridi matatu kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na hakuliosha hata siku moja. Mwishowe likagoma, likakaa mwaka mzima kwenye maegesho ya nyumba zao za kupanga, mpaka msimamizi akabandika karatasi kwenye kioo: liondoke, la sivyo litavutwa. Mjomba akampigia Mama simu.

"Gari ya baba yangu haitabebwa kama takataka," Mama alisema. "Ninakuja kuibeba mimi."

Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anaonekana kila baada ya wiki mbili. Aliyatumia mapumziko yake kulileta jipu kwa tela ya kukodi, mwendo wa zaidi ya saa tano. Alipolishusha uani alijifuta mikono, akasema amewahi kubeba kila aina ya mzigo Marekani hii, lakini maiti ilikuwa mara yake ya kwanza. Mama hakucheka. Alikuwa ameshapata kipande cha shamba nje ya mji kwa mama mmoja mkulima, apande mboga za lenga-lenga, maharage na mahindi meupe, na basi la mjini halifiki huko. Katika mawazo yake alikuwa ameshafika, anashuka kwenye jipu la baba yake na jembe mkononi.

Mwenye nyumba naye alikuja, akalizunguka, akasema hataki gari lisilo na namba uani kwake. Mwisho wa Mei liwe linatembea au liwe limeondoka. Nilimtafsiria Mama maneno hayo vizuri kabisa. Kutafsiri ilikuwa kazi yangu nyumbani: barua za shule, simu za kampuni ya umeme, dawa za kikohozi. Mama alinisemesha Kiswahili, nami nikamjibu Kiingereza, na kati ya hizo mbili maisha yalikwenda.

Jimbo la New York lina ukaguzi wa magari ambao Kentucky na Ohio hatukuusikia. Mwezi wa Novemba, baada ya Mama kusafisha kabureta kwa mikono yake na kubadilisha betri, injini iliitika. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikaitika. Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Tukalipeleka kwa tela kwenye gereji ya ukaguzi, mimi na yeye na Baba.

Fundi alikuwa mnene, mpole, ndevu za mvi. Alilinyanyua jipu juu, akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye moja ya zile nguzo mbili ndefu za chuma zinazobeba gari zima. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye ndizi iliyoiva. Vumbi la kutu lilianguka sakafuni. Akasukuma mahali pengine, ikazama tena. Kisha akaniangalia mimi, si Mama, maana alishajua nani msemaji.

"Mwambie mama yako gari hili limekufa," alisema. "Fremu imeoza toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna atakayelipitisha. Alipeleke kwa wanunuzi wa vyuma, asipoteze nguvu zake."

Baba alikuwa nje kwenye simu. Mama alisimama na mkoba wake kifuani, amevaa ile kanzu nzuri ya kanisani, maana aliona siku ya ukaguzi inastahili heshima. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu.

"Mutoto, anasema nini?"

Nilifungua mdomo kusema maneno yake. Yalitoka mengine.

"Anasema shasi iko na kutu kidogo. Ukiziba, atalipitisha."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo tu."

Mama alivuta pumzi, akaenda kumshika fundi mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru mara tatu. Fundi wa watu alibaki ameduwaa. Bila shaka hakuwahi kuona mtu akishukuru hivyo kwa habari ya msiba.

Mama alifanya kazi kiwanda cha makabati ya chuma, upande wa kufungasha. Jumatatu iliyofuata alimwendea Mzee Salumu, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa upande wa kuchomelea, mtu wa kofia na maneno laini, akamwomba amfundishe. Hakumwomba amtengenezee, alitaka kufundishwa. Mzee Salumu alikuja Jumamosi na mashine yake ndogo ya kuchomelea. Waligombana kwanza juu ya majina. Mama alisema shasi, yeye alisema chesisi, mimi nikasema frame, na sote tukaelekeza kidole kwenye chuma kile kile.

Mzee Salumu alilala chini ya jipu muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kutu kwenye nyusi.

"Mama Riziki, fundi alisema kutu kidogo?"

"Alisema kidogo."

Aliniangalia. Mimi niliangalia ndoo.

"Haya," alisema. "Sisi kwetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuzibe."

Wakaziba. Kila Jumamosi ya baridi ile, mlango wa banda ukiwa wazi ili moshi utoke na theluji ikiingia, walikata vipande vya bati nene wakavichomelea juu ya matundu. Mama alivaa koti la Baba na ile barakoa nyeusi, akawa kama mtu wa sayari nyingine. Mwanzoni alichomelea kama anayeshona nguo kwa kamba ya katani. Kufikia Januari mshono wake ulikuwa mwembamba na umenyooka, na Mzee Salumu akaacha kumsahihisha. Mikono yake ilikuwa na madoa ya kuungua. Kanisani aliyaficha kwa nguo ya mikono mirefu, lakini nilimwona siku moja akimwonyesha mama mwingine, anajivuna.

Shida ilikuwa kwamba viraka havikushika. Waliziba tundu moja, wiki iliyofuata chuma cha pembeni kikapasuka, maana walikuwa wanashonea kiraka kipya kwenye nguo iliyooza. Nilikuwa nawapitishia zana, nami nililijua jambo ambalo wao hawakulijua. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nilijiambia Jumapili.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, Mzee Salumu alikuwa na mafua hakuja. Mama alikuwa peke yake chini ya jipu, anagonga kiraka cha wiki iliyopita kwa nyundo kuona kama kimekaa. Kikaanguka, na pamoja nacho kipande cha chuma cha urefu wa mkono, kikamchana kiganja. Alitoka, akakaa juu ya ndoo, akajifunga kitambaa. Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Na fundi alisema kidogo," alisema. "Kidogo ya Wazungu ni kubwa sana."

Hapo nilishindwa. Nilisema yote nikilia, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, kwamba fundi hakusema kidogo, kwamba mimi ndiye niliyesema kidogo.

Mama aliacha kucheka. Mkono wake uliinuka, nikangoja kofi. Mkono ukabaki hewani, damu ikilowesha kitambaa, akiniangalia kwa namna ambayo sikuielewa. Haikuwa hasira, na ndiyo maana iliniogopesha zaidi.

"Rudilia maneno yake," alisema. "Yote. Vile alivyosema."

Nikayarudia. Limekufa. Imeoza toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna atakayelipitisha. Asipoteze nguvu zake. Kila neno alilipokea kwa kutikisa kichwa, kama anayehesabu mifuko inayoshushwa. Nilipomaliza alisimama, akaenda kulitazama jipu, akaweka kiganja kizima kwenye boneti.

"Bon, sawa," alisema. "Donc, basi, hatuzibi tena. Tunakata."

Mzee Salumu alipopona alimkuta Mama ameshachora kwa chaki pote panapotakiwa kukatwa. Alisikiliza habari yote, akavua kofia, akajikuna. "Basi, Mama Riziki, ufa umetupita."

"Tujenge ukuta," Mama akajibu.

Na kweli waliujenga. Waliinyanyua bodi ya jipu kwa jeki na magogo, wakaondoa nguzo zote mbili zilizooza, wakatengeneza mpya kwa chuma kizito cha mraba, wakipima mara tatu kabla ya kukata mara moja. Ilichukua Machi na Aprili. Baba alipokuja mapumzikoni alikuta bodi inaning'inia hewani na mkewe amelala chini yake, akasimama mlangoni bila mzaha wowote. Kisha akavua koti, akauliza ashike wapi.

Wiki ya mwisho ya Mei tulirudi kwa fundi yule yule. Mama alivaa tena kanzu ya kanisani. Fundi alilitambua jipu na uso ukamwanguka, kama mtu anayejiandaa kurudia habari mbaya. Akalinyanyua, akachukua bisibisi, akasukuma. Ti! Akasukuma pengine. Ti! Alilizunguka mara ya pili na tochi, akapitisha kidole gumba kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine.

"Nani alifanya hii?"

"Mama yangu."

Alimwangalia Mama, kwa mara ya kwanza yeye na si mimi, akasema maneno mengi. Mama akanigusa bega.

"Sema yote. Usipunguze."

"Anasema ni kazi safi. Anasema hakutegemea kuliona tena. Anasema taa ya breki ya kushoto haiwaki."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Balbu ilibadilishwa palepale, stika ikabandikwa kwenye kioo, na kesho yake mwenye nyumba alipofika kukagua ua alikuta mahali patupu. Tulikuwa shambani. Mama aliendesha, kitambaa kichwani, nami nilisimama nyuma kati ya majembe, miguu inawasha.

Nilidhani nimeyaelewa yote: uongo ni mbaya, ukweli hujenga. Miaka ilipita. Nikasoma, nikahamia Columbus, nikaajiriwa mkalimani hospitalini. Wiki yangu ya kwanza nilimtafsiria mama mmoja wa Fizi, upande wa kwetu, habari ambayo hakuna mtu angependa kuipeleka. Nilisema kila neno, kama nilivyofunzwa. Nilipotoka nilikaa kwenye gari nikampigia Mama, nikamwambia habari niliyoipeleka.

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, mama yake alilazwa hospitali ya Uvira, kwetu. Mganga, yaani daktari, alisema Kifaransa, na bibi yangu alijua Kibembe tu. Mama ndiye aliyekuwa msomi wa nyumba, wa kwanza darasani.

"Nilisema vizuri sana," alisema. "Hakuna tena dawa, mumurudishe nyumbani. Sikukosea hata neno. Munganga alinisifu, unajua Kifaransa mutoto. Nami nikafurahi, Riziki. Nikafurahi kusifiwa. Kisha mama yangu akageukia ukuta. Hakuuliza tena kitu, hakula tena kitu."

Nilisikia akipangusa pua.

"Siku ile kwenye banda nilitaka kukuchapa. Mukono ulikuwa umeshainuka. Kisha nikaona, huyu mutoto alitaka kunipa siku chache zenye mimi sikumpa mama yangu. Nitamuchapa namna gani?"

Kwa miaka yote nilikuwa nimefikiri kwamba mtazamo wake ule ulikuwa hukumu yangu, kumbe alikuwa na miaka kumi na miwili, amesimama kando ya kitanda cha mama yake.

Tangu siku hiyo natafsiri kila neno, sipunguzi wala siongezi. Hiyo ndiyo kazi, na mgonjwa, kama Mama na shasi yake, ana haki ya kujua mahali pa kukata. Siku chache siwezi kumpa, lakini kabla daktari hajaanza, namwomba dakika moja. Navuta kiti, nakaa karibu na mgonjwa hata magoti yetu yanakaribia kugusana, namwuliza jina lake, na la mama yake.