Mume Wangu na Cheo cha Askofu

Mume wangu ni seremala. Miaka thelathini anatengeneza mabenchi ya kanisa, na hata kiti cha askofu pale kanisa kuu ni kazi ya mkono wake. Labda ndiyo maana hajui kuinama. Padri kwake ni ndugu, sista ni dada, askofu naye ndugu.

"Baba nilikuwa naye mmoja, na nilimzika," husema, penseli iko sikioni.

Zamani nilicheka. Safari hii sikucheka. Binti yetu anaolewa na kijana wa dhehebu jingine, na bila kibali cha askofu, padri hafungishi ndoa. Barua ya kuomba huandikwa na mzazi. Zilibaki wiki tano. Mwenzangu akaandika: "Ndugu Askofu, habari za siku nyingi." Utadhani anamwandikia muuza mbao!

Sista wa ofisini alisoma mstari huo mmoja akanirudishia.

"Mama, hii siwezi kuiweka mezani kwake. Aanze na Mhashamu Baba Askofu."

Nikaenda nayo moja kwa moja karakana.

"Sibadilishi," akasema. "Kiti anachokalia nimekitengeneza mimi. Nilimpima mapaja yule."

"Ulimpima mapaja, cheo hukukipima! Heshima si utumwa, mume wangu."

"Basi mheshimu wewe."

Binti alikuwa mlangoni, simu mkononi. Mchumba wake alikuwa anauliza jibu. Binti akageuka akaondoka. Mgongo wake ulinichoma kuliko maneno ya baba yake.

Nikakaa jikoni nikaandika mwenyewe, na elimu yangu hii ya darasa la saba. "Mhashamu" nililijaribu kwanza mara tatu pembeni ya gazeti. Chini nikatia saini: mama mzazi. Sista akaipokea, na Alhamisi kibali kikatoka.

Mume wangu alikisoma chote mpaka muhuri.

"Kumbe umepata baba mwingine."

"Na mwanao amepata ndoa."

Akarudi kupiga randa, kwa nguvu kuliko mbao ilivyotaka.

Zimebaki wiki mbili. Jana Sista kaniambia askofu atakuja mwenyewe, na wazazi tumpokee mlangoni. Nimemsihi mume wangu aseme "Karibu" tu, kisha afunge mdomo.

Amenijibu ataangalia.