Jino Lililong'ang'ania Kanga

Saa nne asubuhi, katika chumba cha uani huko Chemchem, mjini Tabora, Apolinaria Xavery anainamia sinia jeupe. Mkononi ana brashi nyembamba iliyoloweshwa ncha. Anasogeza mchanga punje kwa punje chini ya lenzi, kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

Anatafuta meno ya dinosaria walao nyama. Si yale makubwa ya kutisha. Haya mengine hayafiki hata punje ya mchele. Mchanga wenyewe watafiti huuleta kwa viroba kutoka Bonde la Rukwa, ukiwa umeshachekechwa.

"La samaki ni laini, linateleza. La mamba ni la mviringo, kama ncha ya msumari," anaeleza. "Huyu mla nyama jino lake ni bapa, limepinda, na ukingoni lina vijino vya msumeno. Macho yakikataa, nalipitisha kwenye uzi. Likikwama, ndiye."

Vidole vyake alivizoesha kuchambua huko Urambo, alikopanga majani ya tumbaku kwa madaraja mpaka kifua kilipomkataza.

Msimu huu viroba vilitoa samaki watupu. Watafiti walishasema: bila dinosaria, chumba kinafungwa. Ndipo wiki iliyopita likatokea moja. Apolinaria akalishika kwa kibano amwonyeshe mwenzake wa kazi, Mwanne Shomari. Likachomoka.

Walifagia. Wakachekecha vumbi, wakageuza mkeka, wakakung'uta hata viatu. Hakuna.

"Nilikaa chini nikasema basi, chumba nimekifunga kwa mkono wangu," anasema.

Alipotaka kuinuka, Mwanne akamshika bega. "Shoga, usiinuke. Wala usiikung'ute hiyo kanga."

Kwenye pindo, pale uzi ulipokuwa umechomoka, jino lilikuwa linaning'inia.

"Na kila siku namwambia aipinde hiyo kanga, ananitia aibu," Mwanne anadakia. "Mnyama kafa zamani zote hizo, bado anauma nguo za watu."

Apolinaria anasema alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaomba maji ya kunywa. Kiongozi wa watafiti alilitazama jino kwa hadubini, akakubali: mla nyama. Sasa viroba vipya vimepangwa ukutani, mpaka dirishani.

Kiangazi kijacho ameahidiwa kupelekwa Rukwa, ambako hajawahi kufika. "Nataka nikaone huyu alikuwa anatafunia wapi."

Na kanga, ameipinda? Anauzungusha ule uzi kidoleni, taratibu.

"Hapana. Nitakwenda nayo hivihivi."