Tembo wa Mloka Wamekwenda Wapi

Mimi ni bwana shamba, na vijiji huniandikia barua pepe kila tembo wakiingia mashambani. Tatizo, waganga nao waliniandikia kila siku, wakiniuzia dawa ya kufukuza tembo. Nikachoka. Nikaseti kompyuta itupe kwenye kapu la taka kila barua yenye neno tembo.

Waganga wakanyamaza. Vijiji navyo vikanyamaza, hata Mloka, kijiji kinachosumbuliwa na tembo kuliko vyote. Badala ya kushtuka, nikaanza kudadisi: tembo wamekwenda wapi? Labda mto umejaa. Labda wamekimbia nyuki. Nikaandika kurasa nne za utafiti, nikazisoma mbele ya watendaji wa vijiji, kompyuta ikimulika ukutani.

Bi Somoe, mtendaji wa Mloka, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na barua zangu, bwana shamba?"

"Sijapata hata moja, mama. Ngoja nikuonyeshe."

Kwa kujiamini kabisa nikatafuta jina lake. Kapu la taka likafunguka ukutani, barua kumi na tisa, zote zake. Ya mwisho ilikuwa fupi, kikao kizima kikaisoma kwa sauti:

"Bwana shamba, kwani hawa tembo ni wako?"