Mwaka Ambao Lottie Pruss Alitaka Kuuruka

Lottie Pruss hakuhitaji kula kitu kibovu ili roho imchafuke. Ilimtosha kuona Aprili inakaribia. Aprili ndipo timu zote thelathini na mbili za mpira wa Kimarekani hukaa kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, timu iliyofanya vibaya kuliko zote ikitangulia kuchagua. Timu yake, Wapuliza Kioo wa Toledo, ilitangulia au ilikaribia kutangulia karibu kila mwaka, maana kufanya vibaya ndiyo fani pekee iliyoimudu. Nafasi ya kujipatia mchezaji wa maana iliwekwa mezani kwao mara thelathini na nane. Mara thelathini na tano, kwa hesabu ya Lottie, waliangalia nafasi hiyo, wakajikuna vichwa, wakachukua takataka.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alipika katika shule ya msingi ya mtaani kwa miaka thelathini na minne, na watoto waliomwogopa kwenye foleni ya chakula sasa walikuwa wanaume wenye vitambi, na bado walimwogopa. Marehemu mumewe, Zygmunt, alimwachia viti viwili uwanjani, upande ule wenye upepo, na orodha. Orodha ilikuwa ya majina ya wote waliochaguliwa na Wapuliza Kioo katika raundi ya kwanza, mwaka kwa mwaka, na mbele ya kila jina hukumu yake. Zygmunt alikuwa mpole katika hukumu. Lottie alipoirithi orodha alizifuta zote akaandika zake.

Kila mwaka, siku ya uchaguzi, saa moja jioni, aliisoma katika ukumbi wa chama cha Wapolandi, mtaa wa Lagrange, kabla televisheni haijafunguliwa sauti. Utaratibu ulikuwa mmoja. Lottie anataja mwaka, jina na hukumu. Ukumbi mzima unapiga meza na kuuliza, "Na tulimwacha nani?" Naye anataja yule aliyekuwa bado yupo, ambaye timu nyingine ilimchukua akaenda kuwa mtu. Hilo jina la pili ndilo lililouma. Mchezaji mbovu anaweza kusahaulika. Yule uliyemwacha huwezi kumsahau, kwa sababu kila Jumapili unamwona kwenye televisheni akiwafurahisha watu wengine.

Wiki tatu kabla ya Aprili hiyo, Denise, binti yake wa pekee, alikuja kula kama ilivyokuwa kawaida yake Jumapili baada ya misa. Denise alikuwa na miaka arobaini na mitatu na alifanya kazi katika kliniki ya macho. Lottie alikuwa anageuza pierogi, sambusa za Kipolandi, kwenye kikaango.

"Nimemwona Marek kanisani," alisema bila kugeuka. "Yule daktari wa meno. Kapendeza. Ana nyumba kando ya ziwa siku hizi."

"Mama, nilimwacha Marek nikiwa na miaka ishirini na mitano."

"Najua. Ukaolewa na mpiga ngoma, mkaachana."

Denise alivuta pumzi. "Nimepata mtu. Tunaoana Juni."

"Ana kazi?"

"Anatengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto. Ana gari la kazi na vijana wawili chini yake."

"Hiyo kazi. Huku hakuna anayeishi bila moto. Anaitwa nani?"

"Cordell."

"Cordell nani?"

Denise aliangalia sahani yake tupu. "Maybin."

Mwiko ulisimama hewani. "Usiniambie ni yule aliyevaa jezi yetu namba themanini na nne."

"Mama, tafadhali..."

"Wa nne! Mtu wa nne kuchaguliwa nchi nzima! Miaka mitatu kadaka mipira kumi na mmoja! Mimi na mwiko huu ningedaka kumi na miwili! Denise, mji mzima huu umejaa wanaume, ukaona hapana, nitakwenda nimchukue huyo?"

Pierogi ziliungua, na kwa Lottie Pruss hilo halikuwa jambo dogo. Denise alingoja hadi moshi ukapungua.

"Nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Mwaka huu mruke. Usimsome."

"Orodha ni ya baba yako."

"Baba hayupo. Mimi nipo. Ukimsoma, harusini usije."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akachukua koti lake akaondoka na njaa. Lottie alibaki akiwa na hasira na kila mtu: na Denise, na Cordell Maybin, na wale wajinga wa ofisi ya timu waliomleta Toledo tangu mwanzo. Kama wangemchagua Lattimer, yule waliyemwacha mwaka ule, Lattimer ndiye angekuwa anatengeneza mitambo ya joto, au hata asingetengeneza, lakini angalau mkwe angekuwa na pete mbili za ubingwa.

Jumapili iliyofuata walikuja wote wawili. Cordell alikuwa mrefu, mkimya, mvi zimeanza kwenye ndevu. Lottie alimwangalia mikono muda wote wa chakula. Alimpa bakuli la supu likiwa limejaa hadi ukingoni, kusudi, na mwanaume akalipokea bila tone kumwagika. Hilo lilimuudhi zaidi. Kumbe anaweza!

"Ule mpira wa Desemba," alisema Lottie, mezani, mbele ya supu.

"Mama!" alisema Denise.

"Nauliza tu. Umesimama peke yako kwenye eneo la mwisho, pale pa kufungia. Hakuna mtu karibu yako hata wa kukupigia chafya. Ukiudaka tunakwenda mtoano. Nilikuwa kwenye baridi ile, vidole sivisikii. Ilikuwa theluji? Taa?"

Cordell aliweka kijiko chini. "Hapana, Mama Pruss. Uligonga mikono yote miwili. Niliudondosha tu."

Lottie alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Miaka kumi na tisa alikuwa na majibu ya kila kisingizio, na sasa hakuna wa kumpa. Alisema supu inapoa.

Siku ya uchaguzi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na soseji, kabichi chachu na bia, na lile chukizo zuri la pamoja ambalo watu wa Toledo huvaa kama jezi. Lottie alikuwa ameshaamua. Angeruka. Mwaka mmoja kati ya thelathini na nane, nani angegundua? Alikuwa amepanga hata namna ya kufunua karatasi harakaharaka.

Ndipo mlango ukafunguliwa, wakaingia Denise na Cordell. Kumbe Cordell ndiye aliyetaka kuja. Vichwa viligeuka, kisha mtu nyuma akapiga kelele, "Maybin! Kamata!" na mkate mdogo ukaruka juu ya vichwa vya watu. Cordell aliudaka kwa mkono mmoja.

"Umechelewa miaka kumi na tisa!" alisema Chester Gorny, mwenyekiti wa chama, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu abatizwe. Watu wakacheka. Cordell naye akacheka, akaumega mkate akaula. Denise hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha mbele kabisa, akamkazia mama yake macho.

Lottie alianza. "Elfu moja mia tisa themanini na tisa. Roland Tibbs, mpiga teke. Mpiga teke, jamani! Raundi ya kwanza! Mtu ana njaa, anakwenda sokoni, anarudi na chumvi!"

Meza zikapigwa. "Na tulimwacha nani?"

"Hugo Brandt! Miaka kumi na minne analinda mrusha mpira wa watu wengine!"

"Aibu!"

"Elfu mbili na tatu. Big Ansel Coates. Alilala kwenye mikutano, alilala kwenye basi, na mkinibishia nitawaonyesha picha, alilala akiwa amesimama uwanjani."

"Na tulimwacha nani?"

Ilikwenda hivyo, na Lottie alikuwa moto. Alifika elfu mbili na sita. Akafunua karatasi. "Elfu mbili na nane," alisema.

Watu waliangaliana. Kisha ukumbi ukalipuka.

"Umeruka!"

"Karatasi zimegandana," alisema Lottie.

"Zimegandana wapi!" alipaza sauti Chester. "Wote tumesomewa wachezaji waliokuwa wapwa zetu, mabosi wetu, hata ndugu wa padri! Leo umepata mkwe, umesahau kusoma? Zygmunt angesoma!"

Hilo la Zygmunt lilimwingia. Uso ulimwaka. Alimwona Denise akitikisa kichwa polepole, hapana, hapana, na bado mdomo wake ukafunguka, kwa sababu maneno yalikuwa pale, yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na yalikuwa mazuri.

"Elfu mbili na saba! Cordell Maybin, mdakaji, wa nne! Mikono ya siagi, miguu ya simenti! Mipira kumi na mmoja, na wa kumi na mbili tunaulilia hadi leo! Tungechagua ndoo tukaiweka kwenye eneo la mwisho, mpira ungeingia!"

"Na tulimwacha nani?"

"Wade Lattimer!" Lottie alipiga kelele, na kwa sekunde moja alijisikia vizuri kabisa.

Kisha akaona kiti cha mbele kiko wazi.

Alimaliza orodha, lakini hakusikia alichosoma. Televisheni ilifunguliwa sauti. Timu ya kwanza ilichagua, ya pili ikaanza kufikiri, na Wapuliza Kioo walikuwa wa tatu. Cordell alikuja hadi mezani pake, akainama ili asisikike na wengine.

"Ile ya ndoo ilikuwa nzuri," alisema.

"Kamfuate mke wako mtarajiwa."

"Hanitaki mimi sasa hivi. Mama Pruss, mimi sina shida. Mimi unanisoma mara moja kwa mwaka, halafu nakwenda zangu. Yeye unamsoma kila Jumapili."

Lottie alitaka kumjibu. Alikuwa mtu wa majibu, na jibu lilimfika hadi kooni: kwamba alimwambia Denise mambo ya Marek kwa sababu Marek yupo kweli, na ile nyumba ya ziwani ipo kweli. Alilisikia jibu hilo kichwani mwake kabla halijatoka. Lilikuwa na sauti ileile ya kusoma orodha. Akalimeza.

"Sasa ni zamu ya Toledo kuchagua," alisema mtangazaji, na ukumbi mzima ukasimama. Lottie naye alisimama, akachukua koti, akapita katikati yao akielekea mlangoni. Chester alimshika kiwiko. "Lottie! Unakwenda wapi? Ni sisi!" Lottie alimsukuma pembeni kama mtoto aliyeruka foleni.

Nje jua la Aprili, ambalo huko huchelewa kuzama, lilikuwa bado halijazama na baridi ilikuwa kali. Denise alikuwa ndani ya gari lake, mikono kwenye usukani, injini haijawashwa. Alikuwa amelia na hakujaribu kuficha. Lottie alisimama kando ya dirisha. Aligonga kioo kwa kidole, taratibu.

Ndani ya ukumbi ukatoka mguno mrefu wa watu mia mbili, kisha meza zikapigwa, kisha mtu akatukana kwa Kipolandi. Wapuliza Kioo walikuwa wamechagua.

Denise aliteremsha kioo kidogo. "Wamemchukua nani?"

"Sijui," alisema Lottie.

Denise alimwangalia mama yake. Kisha akainama, akanyoosha mkono, akafungua mlango wa upande wa pili.